Kamera ya Barabarani Nayo ni Mizani

Kamera inayopiga picha gari linalopita taa nyekundu haina udugu wala uadui. Haimtambui tajiri wala maskini, wala haiombi chai. Hata hivyo, huwekwa na watu, hupimwa na watu, na faini zake hukusanywa na watu. Yaliyotokea katika jiji la Chicago, Marekani, yanatosha kuwa funzo.

Jiji hilo lilianza kutumia kamera hizo mwaka 2003 kwa mkataba na kampuni ya Redflex. Faini ni dola 100. Baadaye ilidhihirika mahakamani kwamba John Bills, afisa aliyesimamia mpango huo, alipokea rushwa ili kampuni hiyo ipendelewe. Mwaka 2016 alihukumiwa kifungo cha miaka 10.

Mwaka 2014 likafichuka jambo jingine. Kanuni ilitaka taa ya njano iwake kwa sekunde zisizopungua 3. Jiji likaruhusu madereva watozwe hata pale ilipowaka kwa sekunde 2.9. Mkaguzi mkuu wa jiji alibaini kuwa hati za faini zipatazo 77,000 zilitolewa kwa njia hiyo, zenye thamani ya dola milioni 7.7, na jiji likarejea kwenye kipimo cha awali. Tofauti ilikuwa sehemu moja ya kumi ya sekunde! Ndivyo afanyavyo muuzaji anayepunja kibaba: kila mteja hupoteza kidogo asichokihisi, lakini jioni mfuko wa muuzaji umejaa.

Je, kamera zing'olewe? La. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern uliotolewa mwaka 2017 ulionesha kwamba jijini humo ajali zenye majeruhi zilipungua kwa asilimia 10 penye kamera. Zile za kugongwa ubavuni, ambazo ni hatari mno, zilipungua kwa asilimia 19, ingawa za kugongwa nyuma ziliongezeka kwa asilimia 14. Chombo kina manufaa. Kinachohitajika ni uadilifu wa mwenye kukishika.

Basi anayetoza faini atangaze vipimo vyake, ampe dereva nafasi ya kujitetea, na aweke kamera palipo na ajali, si palipo na mapato. Nasi wazazi tusimame penye taa nyekundu hata pasipo na kamera, kwani watoto walio kiti cha nyuma wanatutazama.