Kinga ya Meno si Kinga ya Ubongo

Mchezo wa ngumi ulirejea ulingoni Unguja mwaka 2023, baada ya kupigwa marufuku kwa zaidi ya nusu karne. Furaha hiyo haina budi kuandamana na wajibu.

Kinga ya meno, ambayo daktari wa meno Woolf Krause wa London aliwatengenezea mabondia tangu mwaka 1890, huhifadhi meno, midomo na taya. Asiyeivaa asipande ulingoni, hata kwa mazoezi. Lakini haijathibitika kwamba huzuia ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Kofia ya ngumi nayo hupunguza majeraha ya kuchanika. Hatari ya mtikisiko hubaki.

Kwa hiyo kinga iliyo kubwa zaidi imo katika maamuzi ya watu. Mwamuzi asimamishe pambano mapema. Daktari awepo ulingoni. Kijana aliyezimia, anayetapika au kuumwa na kichwa baada ya kipigo asirudi kupigana mpaka daktari amruhusu. Viongozi wenye dhamana ya kutoa vibali wayadai hayo kabla ya kutia saini. Vijana hawa ni nguvukazi ya Taifa. Jino likivunjika huwekwa la bandia. Ubongo hauna badala.