Kipoza Bia cha Kubebeka: Vipuri vya Bei Nafuu na Mahali pa Kuvipata Bukoba

Kipoza bia cha kubebeka ni sanduku la barafu lenye mrija mrefu wa chuma uliosokotwa ndani yake. Bia hutoka kwenye pipa ikiwa na joto la kawaida, hupita katika mrija uliozamishwa kwenye maji ya barafu, kisha hufika kwenye koki ikiwa baridi tayari kwa kunywewa. Hakitumii umeme. Kwa hiyo kinafaa harusi ya kijijini Muleba au sherehe ya nyumbani Ijuganyondo, mahali ambapo friji ni ndogo na wageni ni wengi.

Bia ya pipa si ngeni Afrika Mashariki. Nchini Kenya, Senator Keg iliingia sokoni mwaka 2004 ili mnywaji wa kipato cha chini apate kinywaji salama badala ya chang'aa. Kagera nayo ina rubisi, pombe ya ndizi zilizoivishwa, zikakamuliwa, kisha juisi yake ikachachushwa kwa mtama. Vinywaji vyote viwili vinaweza kupozwa kwa njia hii, ila kila kimoja kina masharti yake.

Sanduku ndilo kipuri rahisi kuliko vyote. Deli la plastiki la wauza maji na soda linatosha, mradi kuta zake ziwe nene na kifuniko kifunge vizuri. Mwili wa friza bovu unaopatikana kwa fundi friji ni bora zaidi, kwa kuwa umejazwa foam pande zote, ingawa ni mzito. Sanduku la foam la kusafirishia samaki nalo linahifadhi baridi vizuri, lakini huvunjika upesi na harufu haiondoki kirahisi.

Kiasi cha barafu kinaweza kukadiriwa kabla ya sherehe. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334 za joto. Kushusha lita 20 za bia kutoka nyuzi 25 hadi 5 kunahitaji takriban kilojuli 1,670, yaani kilo 5 za barafu. Kwa kuwa sanduku hufunguliwa na jua hupenya, ni busara kuandaa mara mbili ya kiasi hicho. Barafu iongezewe maji kidogo, maana vipande vikavu hugusa mrija sehemu chache tu, ilhali maji huuzunguka wote.

Mrija ndio moyo wa kifaa, na hapo hapafai kubana matumizi. Unaofaa zaidi ni wa stenlesi, wenye kipenyo cha milimita 8 hivi na urefu wa mita 15. Mashine ya soda iliyokufa mara nyingi huwa na koili ya namna hiyo ndani yake. Ikikosekana Bukoba, huagizwa Mwanza, ambako mizigo huja kwa barabara au kwa meli, au Kampala kupitia Mutukula. Mrija mpya wa shaba wa mafundi friji ni rahisi zaidi na hupoza haraka, lakini bia ina asidi, na ikilala ndani huyeyusha shaba kidogo kidogo. Anayeutumia aumwage na kuusuuza mara sherehe inapoisha. Koili iliyong'olewa kwenye friji kuukuu isitumike kamwe, kwa sababu ndani yake kuna mafuta ya kompresa. Vilevile mrija usiungwe kwa risasi ya kulehemu. Ni bora uwe kipande kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mipira ya kuunganishia iwe ya kupitishia chakula au maji ya kunywa. Mpira wa dizeli au wa bustani huharibu ladha na unaweza kuachia kemikali. Vibano vya chuma vya maduka ya vipuri vya magari vinafaa, kwa kuwa havigusi kinywaji.

Bia ya pipa husukumwa na gesi ya kabonidayoksaidi. Mtungi wake uliojaa, katika joto la nyuzi 20, una shinikizo la karibu mara 57 ya shinikizo la kawaida la hewa, kwa hiyo ni lazima uwe na regulata iliyotengenezwa kwa gesi hiyo. Regulata ya jiko la gesi haiwezi kazi hiyo, na mtungi wa kuzimia moto ni hatari kwa kuwa hutoa gesi ikiwa kimiminika. Asiyemudu mtungi anaweza kutumia pampu ya mkono inayosukuma hewa, mradi pipa liishe siku hiyohiyo, maana oksijeni huichakaza bia. Gesi itumike mahali penye hewa ya kutosha.

Rubisi haihitaji gesi. Chombo kikiinuliwa mita moja juu ya koki, kinywaji hushuka chenyewe. Hata hivyo rubisi ina chembe za mtama na machicha ya ndizi, kwa hiyo ichujwe kwa kitambaa safi na ipitishwe kwenye mrija mpana na mfupi zaidi. Kwa kuwa huendelea kuchacha, chombo chake kisizibwe kabisa, la sivyo gesi inayozaliwa ndani inaweza kukipasua.

Baada ya kila sherehe, maji safi yapitishwe hadi yatoke bila rangi wala harufu, kisha mrija ukaushwe kwa kupulizwa. Jiki ikilazwa ndani ya stenlesi huila. Anayekusudia kuuza, badala ya kuwahudumia wageni wake, anahitaji leseni chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968.

Kanuni ya ununuzi basi ni nyepesi. Fedha zianze kwenye mrija, mipira na regulata, kwa kuwa vipuri hivyo hugusa kinywaji au hubeba shinikizo. Sanduku, vibano, meza na stendi vinaweza kuwa vya mtumba, vya kuazima au vya kuundwa nyumbani, na kifaa kikapoza vizuri vilevile.