Je, Wajua? Wageni wa Mwituni Mjini Unguja

Ukikaa Forodhani jioni na juisi yako ya miwa, nyuma yako Beit al-Ajaib na mbele yako bahari, visa kadhaa vya safu hii unaweza kuvioneshea kidole hapo hapo ulipo.

Je, wajua kwamba Sayyid Barghash, Sultani aliyelijenga jumba hilo mwaka 1883, husimuliwa kuwa aliwaweka wanyama wa porini mbele yake ili watu wawatazame? Na mlango mkubwa, wanasema, ulipanuliwa makusudi apite akiwa juu ya tembo. La tembo nawaachia watembeza wageni, ambao hawakosi kulitaja.

Je, wajua kwamba dada yake kwa baba, Sayyida Salme, ametuachia ushahidi ulio wazi zaidi? Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 anaueleza ua wa Beit al-Mtoni, kaskazini ya mji: swala, mbuni, heroe, kanga, mabata na tausi wakijitembelea watakavyo. Tausi mmoja alikuwa mkali. Siku moja akamrukia Jamshid, ndugu yake Salme. Watoto wakamvamia yule ndege, wakamshinda, kisha kwa kulipiza kisasi wakamnyonyoa manyoya ya mkia. Hadi leo mambo huenda hivyo hivyo. Mnyama hufanya alilozaliwa nalo, mtu huumia au huogopa, na adhabu humwendea mnyama.

Je, wajua kwamba kobe wa kisiwa cha Changuu waliponea chupuchupu? Mwaka 1919 gavana wa Shelisheli alitoa zawadi ya kobe wanne wakubwa wa Aldabra. Wakazaana, na kufikia 1955 walikuwa kiasi cha 200. Kisha wezi wakakijua kisiwa. Kobe waliuzwa nje wakafugwe majumbani, wengine wakaliwa. Mwaka 1988 walibaki 100, mwaka 1990 wakawa 50, na ilipofika 1996 walihesabiwa saba tu. Vitoto 80 vikahamishiwa Unguja ili viwe salama. 40 katika hivyo vikapotea huko huko kwenye usalama. Waliopo leo, wale ambao watalii hupanda boti hapa ufukweni kwenda kuwalisha majani, wamesalia kwa sababu Serikali, ikisaidiwa na shirika la kimataifa la kulinda wanyama, iliwajengea uzio. Kobe hang'ati sana wala hapigi kelele, kwa hiyo kila mtu hujiona anamweza. Kile kitoto cha ukubwa wa kiganja huweza kufika kilo 250 na kuishi zaidi ya miaka 100. Mnunuzi atakufa, na kobe hataandikwa katika mirathi.

Je, wajua kwamba kobe na kasa huweza kubeba vijidudu vya salmonela bila wenyewe kuugua? Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe na kasa wenye gamba lisilofika sentimita 10, kwa sababu watoto wadogo walikuwa wakiwatia mdomoni.

Je, wajua kwamba Unguja huenda ni mahali pekee ambapo mnyama alisakwa hadi kutoweka kwa tuhuma ya kufugwa? Chui wa Unguja, mdogo kuliko wa Bara na mwenye madoa yaliyosongamana, aliaminika vijijini kuwa wa aina mbili: wa mwituni na wa kufugwa. Huyu wa pili, watu walisema, ana bwana wake mchawi, anayemlisha kwa siri na kumtuma akamalize mbuzi wa jirani au amtishe mtu waliyegombana naye. Baada ya Mapinduzi ya 1964, mganga maarufu aliyeitwa Kitanzi aliongoza msako wa wachawi na chui wao, na chui wakauawa kwa wingi. Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman wamekusanya masimulizi hayo kwa miaka mingi. Chui wa kufugwa mwenyewe hawakuwahi kumuona. Mwaka 2018 kamera ya kipindi kimoja cha televisheni ilinasa mnyama mwenye sura ya chui, na wataalamu bado wanabishana. Sitaki kubeza imani ya mtu, lakini hesabu ni nzito: hakuna aliyethibitishwa kumfuga, na chui wameisha, au wamekaribia kuisha.

Je, wajua kwamba kima punju hawezi kufugwa hata na anayempenda kweli? Tumbo lake lina vyumba, na bakteria waliomo humchachishia majani na matunda mabichi. Matunda matamu yaliyoiva na biskuti huweza kuuvuruga mchachuko huo mpaka ukamuua. Majani ya mkungu na mwembe yana sumu, naye hutafuna makaa ili kuipunguza. Sijui nani angemwekea mkaa sebuleni. Sensa iliyotangazwa 2017 iliwakuta zaidi ya 5,800, na nje ya visiwa vya Zanzibar hawapatikani mwituni popote.

Je, wajua kwamba komba, yule mwenye macho makubwa anayeibia wakwezi tembo lao la mnazi, hukojolea viganja na nyayo zake? Hufanya hivyo usiku, ndio saa zake za kazi, kisha hutembea kila mahali. Anayetaka kumlaza kitandani amealikwa.

Je, wajua kwamba msitu wa Kimboza, Morogoro, ni mdogo sana, lakini kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja la wakusanyaji lilitoa humo mijusi wa buluu zaidi ya 30,000 kwa ajili ya wafugaji wa ng'ambo? Hata miti wanamoishi ilikatwa ili wapatikane upesi.

Je, wajua kwamba twiga waliwahi kupanda ndege? Wengi mnajua. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 130 walipakiwa ndege uwanja wa Kilimanjaro (KIA) kwenda Qatar, twiga wanne wakiwemo. Machi 2016, uwanja ule ule, tumbili 61 walizuiwa wakielekea Albania, na Serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai. Juni 2022 ilitangazwa kuwa ruhusa inarudi. Kelele zikapigwa, na tangazo likasitishwa haraka.

Je, wajua kwamba hata sisimizi wana wafugaji? Mei 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza faini ya shilingi za Kenya milioni moja kila mmoja vijana wawili wa Kibelgiji waliokutwa Naivasha na sisimizi wapatao 5,000, wengi wao malkia, ndani ya vichupa.

Je, wajua kwamba virusi vya Marburg vina jina la mji wa Ujerumani kwa sababu ya tumbili wa Uganda? Walipelekwa maabara mwaka 1967. Watu 31 waliugua na saba wakafa. Waliowashika walikuwa wafanyakazi wa maabara, watu wa fani. Sasa mfikirie mtoto anayembusu tumbili mdomoni.

Je, wajua kwamba Falme za Kiarabu, zilizokuwa soko kubwa la vitoto vya duma vya kutoka Pembe ya Afrika, zilitunga sheria mwaka 2016 ya kuwazuia watu binafsi kufuga wanyama hatari? Mwenye ndugu Dubai na amuulize kama picha za duma kwenye kiti cha mbele cha gari zimekwisha kabisa.

Je, wajua la kufanya ukiumwa na tumbili au komba, hata awe wa jirani na jina analo? Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza, chanjo haisaidii tena.