Kabla ya kuihama Nairobi, kumbuka nyumba njema si mlango

BARUA ya mwenye nyumba ilisukumwa chini ya mlango wetu usiku mmoja wa Oktoba. Kuanzia Januari, kodi ya nyumba yetu ya vyumba viwili mtaani Umoja, Nairobi, ingepanda kutoka Sh18,000 hadi Sh22,000 kwa mwezi.

Maji yalikuwa yakitoka mferejini siku mbili kwa wiki. Siku zilizosalia tulinunua kwa mitungi. Nauli ya kwenda katikati ya jiji nayo ilikuwa ikipanda kila wingu lilipotanda, kwani makanga wa matatu huangalia mbingu kabla ya kutaja bei.

Usiku huo mimi na mke wangu tuliketi mezani baada ya watoto kulala, tukakubaliana kwamba tuhame. Kilichotushinda ni kujibu swali la pili: tuhamie wapi?

Hatukuwa peke yetu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu milioni 3.1 jijini Nairobi. Kufikia sensa ya 2019 walikuwa wamefika milioni 4.4. Wakati huo huo, serikali za kaunti 47 zilizoanza kazi 2013 chini ya Katiba ya 2010 zilipeleka ofisi, zabuni na ajira katika miji ambayo zamani watu waliipita tu wakienda mashambani.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021 na Eldoret ikafuata Agosti 2024. Sasa Kenya ina majiji matano, ukijumlisha Nairobi, Mombasa na Kisumu. Anayetaka kuondoka Nairobi bila kuacha maisha ya mjini ana manne ya kuchagua.

Tulichukua daftari la hesabu la binti yetu, tukachora mistari. Upande mmoja tuliandika majiji manne. Upande wa pili tukaandika kodi, maji, shule, hospitali, nauli na kazi. Tulidhani kazi ingeisha kwa jioni mbili. Ilichukua mwaka mzima.

Mshahara nao huhama

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuilinganisha kodi peke yake. Katika majiji yote manne tulipata nyumba kama yetu kwa bei ya chini. Mjini Kisumu, kwa mfano, tulionyeshwa ya Sh14,000. Nilipiga hesabu haraka nikafurahi kwamba tungeokoa Sh8,000 kila mwezi.

Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyenizindua. Marupurupu ya nyumba ya mwalimu aliye Nairobi ni ya juu kuliko ya mwenzake wa daraja hilo hilo aliye nje ya jiji hilo. Kuhama kungempunguzia mapato, na pengo hilo lingemeza karibu nusu ya zile Sh8,000.

Ya pili ilikuwa nafasi yenyewe. Mwalimu huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), hivyo anaweza kuomba uhamisho hadi kaunti nyingine bila kuacha kazi. Lakini ombi si jibu. Lazima kuwe na nafasi anakotaka kwenda na mtu wa kuziba pengo anakotoka.

Jirani yetu muuguzi alikuwa na mzigo mzito zaidi. Tangu huduma za afya zigatuliwe 2013, wauguzi wengi huajiriwa na kaunti. Kwake yeye, kuhama kaunti ni kuziomba serikali mbili zikubaliane. Aliyekuwa na hamu ya kuhama kutuzidi ndiye aliyebaki.

Kwa hivyo tulilipa ile kodi mpya mwaka mzima huku tukisubiri. Iliuma, lakini ule mwaka ndio uliotuokoa, kwa maana ulitupa nafasi ya kwenda kuona.

Kila jiji na msimu wake

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tuliazimia kulitembelea kila jiji, na ikiwezekana tulione katika hali yake mbaya, si siku ya sherehe.

Mombasa ndiyo iliyokuwa moyoni mwa mke wangu. Tulikwenda Februari, mwezi wa joto, wakati hata usiku feni haizimwi. Tulipanda treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria 2017. Nauli ya daraja la kawaida, iliyokuwa Sh1,000, iliongezwa hadi Sh1,500 mwaka wa 2024. Kwa mtu anayetakiwa Nairobi mara mbili kwa mwezi kama mimi, hizo ni Sh6,000 kabla ya kununua hata chai.

Watu wa Mombasa walitupokea kwa ukarimu wanaosifiwa nao. Lakini tulipouliza kuhusu maji, kila mtu alikuwa na hadithi. Maji ya kisiwa hicho husafiri mbali, mengine yakitoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, na hayatoshi. Mikokoteni ya mitungi tuliyodhani tumeikimbia Umoja tuliikuta huko. Pia, tofauti na majiji mengine matatu, Mombasa ingetupeleka mbali zaidi na nyumbani kwetu Kakamega.

Nakuru iliongoza daftarini kwa muda mrefu. Iko kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, hali ya hewa ni ya kupendeza na mbu si tatizo kubwa. Ningeweza kuamka alfajiri, nihudhurie mkutano Nairobi na nilale kwangu, ila tu msongamano wa barabara ile wakati wa sikukuu ni balaa.

Kilichotustua Nakuru kilikuwa meno. Maji ya visima katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana madini ya floraidi kwa wingi, na mtoto anayeyanywa meno yanapoumbika huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyofutika. Yakizidi sana kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji.

Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Dawa yake ni chujio maalumu, kama zile za mkaa wa mifupa zinazotumika huko, au kupata maji kutoka chanzo kingine. Mwenye nyumba wa kwanza tuliyemuuliza maji yake yanatoka wapi alijibu, “Yanatoka kwa mfereji.” Kijana wetu alikuwa na miaka mitatu. Tuliandika alama ya kuuliza daftarini.

Eldoret tuliiona Julai. Iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya asubuhi haina utani. Chakula ni rahisi kwa sababu mahindi, maziwa na viazi hutoka mashamba ya karibu. Ina Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, moja ya hospitali kubwa zaidi nchini, na uwanja wa ndege wa kimataifa.

Lakini binti yetu ana pumu, na baridi ndiyo humwamsha usiku akikohoa. Usiku wa pili tulikuwa tumemkalisha kitandani, mgongo umeegemea ukuta, tukihesabu pumzi zake hadi kukapambazuka. Hakuna aliyehitaji kuandika lolote daftarini.

Swali la sauti ya chini

Kuna jambo ambalo Wakenya wengi huliwaza wanapochagua pa kuishi, ila hulisema kwa sauti ya chini: je, uchaguzi ukifika, nitakuwa mgeni?

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwafurusha mamia ya maelfu makwao. Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu zote zilionja uchungu huo. Wengi waliohama wakati ule hawakulinganisha kodi wala maji. Walikimbilia waliko watu wao.

Ndugu zangu wawili waliniambia waziwazi nisiende mahali ambapo jina langu lingejulikana kuwa la mtu wa kuja. Sikuwadharau, kwani mmoja wao alipoteza duka lake wakati huo. Lakini nilipowauliza majirani wa kila mtaa tuliotembelea, niligundua jibu halikuwa la jiji zima. Kulikuwa na mitaa yenye watu mchanganyiko ambako watu waliishi pamoja na kuzikana, na mingine ambako mpangaji mpya aliulizwa ukoo wake kabla ya kuulizwa kazi.

Msitari uliosahaulika

Kisumu tulikuwa tumeitembelea Aprili, wakati wa mvua za masika. Niliuchagua mwezi huo makusudi. Nilitaka kuona maji yanakosimama katika mitaa ya tambarare kama Nyalenda, na barabara gani haipitiki. Nilipata jibu siku ya kwanza, viatu mkononi.

Kisumu ina joto na ina malaria. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa yale yenye maambukizi mengi zaidi nchini, na watoto waliozaliwa na kukulia Nairobi hawana kinga waliyo nayo wenzao wa huko. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwa majaribio magharibi mwa Kenya 2019, lakini hupewa watoto wachanga na wetu walikuwa wameshapita umri huo. Mstari wa afya tuliupa Kisumu alama ya chini kabisa.

Tulipojumlisha alama mwezi Agosti, Nakuru ilishinda na Kisumu ikawa ya tatu. Nilikuwa tayari nimempigia simu ajenti wa nyumba Nakuru.

Kisha mama yangu akapiga simu kutoka kijijini. Ana kisukari, na macho yalikuwa yameanza kufifia. Daktari wa Kakamega alikuwa amemwelekeza kliniki ya macho mjini Kisumu, kila mwezi. “Mwanangu, usijali,” alisema. “Mtoto wa jirani atanishika mkono mpaka stegi.”

Nilipokata simu, mke wangu alikuwa amelifungua daftari. “Hatukumwandika Mama,” alisema.

Ilikuwa kweli. Tulikuwa na mistari sita, na hakuna hata mmoja uliouliza nani angekuwa karibu na mama yangu. Nakuru hadi kijijini ni safari ya siku. Kutoka Mamboleo, mtaa wa Kisumu ulio kando ya barabara ya Kakamega, ni mwendo wa saa moja na ushei kwa matatu.

Mke wangu ndiye aliyekuwa akiupoteza mshahara. Nilimwambia uamuzi ni wake kama ulivyo wangu. Alinyamaza siku mbili, kisha akajaza fomu ya uhamisho na kuandika Kisumu.

Tulihama Desemba, shule zilipofungwa. Wiki ya sita kijana wetu alipata malaria. Tulimpima siku ile ile homa ilipoanza, akapata dawa, akapona. Sitasahau usiku ule, wala sitamwambia mtu kwamba Kisumu haina kasoro. Sasa nyavu zetu hushushwa jua likizama, na madirisha yote yana wavu.

Mwezi uliofuata nilimpeleka mama kliniki nikiwa nimemshika mkono mwenyewe. Njiani aliniuliza kodi ni ngapi. Nilipomwambia, alisema ni ghali mno.

Mambo ya kufanya kabla ya kufunga mizigo

Kwa wanaofikiria kuhama, haya ndiyo tuliyojifunza kwa gharama yetu wenyewe.

Kwanza, piga hesabu ya mapato pamoja na matumizi. Uliza mshahara, marupurupu au wateja wako watakuwaje huko. Kodi ya chini haina maana ikiwa kipato kitashuka kwa kiasi kile kile.

Pili, tembelea jiji katika msimu wake mbaya na ulale huko angalau usiku mbili ukiwa na watoto. Panda matatu saa kumi na mbili asubuhi ukielekea unakotarajia kufanya kazi.

Tatu, usimuulize mwenye nyumba wala ajenti kuhusu maji. Waulize wapangaji wanaoanika nguo uani. Wao watakwambia yanatoka siku ngapi na kutoka wapi.

Nne, andika ugonjwa wa kila mtu wa nyumba yako, wakiwemo wazazi walio kijijini, kisha uliza hospitali gani inautibu na iko umbali gani.

Tano, weka akiba ya kodi ya miezi mitatu mbali na amana na pesa za lori. Mwezi wa kwanza katika mji mpya hula pesa kwa njia ambazo hukuziwaza.

Na kabla ya kujumlisha alama, mpe mwenzako daftari alisome peke yake. Huenda akaona mstari uliousahau.