Msingi wa Logi katika Programu za Kompyuta: Tahadhari kwa Mtafiti wa Isimu

Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliyekusanya maneno ya Kinyiha huko Iyula, wilayani Mbozi, aliniletea rasimu yenye hitimisho zito: kwamba fonimu za Kinyiha hubeba taarifa chache kuliko za Kiswahili. Takwimu za Kiswahili nilikuwa nimempa mwenyewe, kwa biti, kipimo kinachotokana na nadharia ya Claude Shannon ya mwaka 1948. Za Kinyiha alizikokotoa kwa programu yake. Kosa halikuwa katika lugha, bali katika msingi wa logi.

Kwa “msingi” nakusudia namba inayopewa kipeo: 2 kwa kipeo cha 3 ni 8, hivyo logi ya 8 kwa msingi wa 2 ni 3. Biti hudai msingi huo wa 2. Lakini katika lugha za C, R na Python, amri ya log ikiachwa peke yake hutumia msingi asilia, takriban 2.71828, katika Excel, jina hilohilo humaanisha msingi wa 10. Tuchukue irabu 5 za Kiswahili, tukidhani zinatokea kwa usawa (kwa hakika a huzizidi nyingine). Jibu laweza kuwa 2.322, 1.609 au 0.699, na yote ni sahihi, kila moja kwa msingi wake.

Tiba ni kugawanya. Ikiwa b kwa kipeo cha y ni x, basi y mara logi ya b ni sawa na logi ya x. Kwa hiyo y hupatikana kwa kugawanya logi ya x kwa logi ya b, mradi zote mbili ziwe za msingi mmoja. Tulipogawanya majibu ya Kinyiha kwa 0.693, yaani logi asilia ya 2, hoja ya “upungufu” ilikosa mguu wa kusimamia.

Mgawanyo huo nao una mtego. Kompyuta huhifadhi desimali kwa tarakimu zenye kikomo. Katika Python, math.log(1000, 10) hutoa 2.9999999999999996, anayekata desimali ili kuhesabu tarakimu za namba ya kadi hupata 3 badala ya 4. Kwa misingi ya 2 na 10 ni heri kutumia math.log2 na math.log10. Msingi wa 1 haufai kabisa, kwa kuwa logi yake ni 0.