Fahamu: Pinboli ya Jaws na bei yake

Pinboli ni mchezo wa meza iliyoinama, yenye kioo juu. Mchezaji hubonyeza vitufe vya ubavuni kuirusha gololi ya chuma isitumbukie chini.

Mashine yenyewe
Januari 2024, kampuni ya Marekani Stern Pinball ilizindua Jaws, kwa leseni ya filamu ya papa ya Steven Spielberg ya mwaka 1975.

Bei
Toleo la Pro liliuzwa dola 6,999. Premium, dola 9,699. Limited Edition, mashine 1,000 tu duniani, dola 12,999. Bei ya gari la mtumba, kwa kweli!

Kwa nini ghali?
Haki za filamu hulipiwa. Toleo la juu huongeza mapambo na kibati chenye namba, vitu vinavyowavuta wakusanyaji. Anayetaka kucheza tu, Pro inamtosha.