Dokutoku: neno la Kijapani la kuieleza kahawa ya Bukoba na Muleba

Mnunuzi kutoka Japani akionja kahawa yako na kusema "dokutoku", subiri kwanza neno linalofuata.

Dokutoku ni kivumishi cha Kijapani kinachotaja sifa ambayo kitu kinayo chenyewe na kukitofautisha na vingine. Kina sehemu mbili: doku, yaani peke yake, na toku, yaani maalumu. Kwa Kiswahili tunasema "ya kipekee". Hutamkwa do-ku-to-ku, kila silabi ikiishia na irabu kama kwetu.

Namna ya kulitumia

Wajapani hutanguliza sifa kabla ya jina. Sisi tunasema "ladha ya kipekee", wao husema "dokutoku na aji". Aji ni ladha. Hiyo "na" inafanya kazi ya "ya" yetu, ila haibadiliki. Harufu nzuri ya kipekee ni "dokutoku na kaori".

Lakini dokutoku peke yake si sifa njema wala mbaya. Mtu anaweza kulitumia kwa adabu pale ambapo kitu hakikumpendeza. Akiongeza "oishii", yaani kitamu, hapo amekusifu.

Linatuhusu vipi?

Kanuni za lebo za wafanyabiashara wa kahawa nchini Japani zinaruhusu arabika ya Tanzania kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro, isipokuwa arabika ya eneo la Bukoba. Kwa hiyo arabika ya Mbeya au Mbinga inaweza kubeba jina hilo, lakini ya Bukoba haiwezi. Robusta, ambayo ndiyo kahawa nyingi ya Kagera, haimo kabisa.

Maana yake ni kwamba kahawa yetu haina jina kubwa la kujificha nyuma yake. Inauzwa kwa ladha yake, na ladha hiyo hutengenezwa shambani na uani. Kahawa iliyoanikwa ardhini ikanyeshewa hutoa ladha ya udongo na ukungu. Hiyo nayo ni ya kipekee, ila hakuna atakayeongeza oishii. Chuma zilizoiva nyekundu tu, anika kwenye kichanja au turubai safi, na funika mvua inapokuja.

Sentensi ya kujifunza leo: "Bukoba no koohii wa dokutoku na aji desu." Kahawa ya Bukoba ina ladha ya kipekee. Wa Muleba, anzeni na "Muleba no koohii".